Siku Baragumu Alipomtangaza Dada Yake

Baragumu alikuwa na koo lisilohitaji kipaza sauti, alikishika tu kwa heshima ya watu. Kazi yake ilikuwa kutangaza mapambano, haya ya siku hizi ya kuchanganya kila kitu, ngumi humo, mateke humo, mieleka humo, na kukabana shingo sakafuni mpaka mmoja agonge mkeka kuomba yaishe. Wapiganaji wanaingia kwenye kizimba cha waya, na kabla hawajaingia, Baragumu ndiye anayewaambia watu ni nani anakuja. Sasa alivyowatangaza na walivyokuwa, hivyo ni vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana hata njiani.

Kulikuwa na fundi vigae mmoja, kijana mpole, akija mazoezini vidole bado vyeupe kwa saruji. Baragumu akamtangaza kuwa ni mtu aliyebomoa ukuta kwa paji la uso. Ukuta ulikuwepo kweli. Ulikuwa wa bafu, aliubomoa kwa nyundo, tena kwa bahati mbaya, maana bafu lenyewe lilikuwa la jirani wa mteja. Na kulikuwa na mama mmoja wa mapacha, moto wa kuotea mbali akiwa kizimbani. Huyo alitangazwa kuwa alijifungua asubuhi na alasiri akaja kupigana. Mama akamfuata nyuma ya pazia akamuuliza, "Na watoto wangu nilimwachia nani?" Baragumu akamjibu kwamba watu hawakutoa nauli kuja kusikia habari za yaya. Wakacheka, yakaisha.

Usimwone mwongo ukaishia hapo, lakini. Yule bwana aliwapenda wale watu. Alikuwa akimwona mtu anaangushwa, anainuka, anaangushwa, anainuka, jino limelegea na bado anatabasamu, na kusema tu "aliinuka" aliona ni kama kumpa mtu mwenye njaa kijiko kitupu. Basi akatia chumvi. Na wasikilizaji walijua ni chumvi, ndiyo waliyoifuata. Hakuna aliyewahi kwenda nyumbani kujaribu ukuta kwa paji la uso. Labda mmoja.

Nyumbani kwao walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake mdogo, wakipishana miaka kumi na miwili. Wazazi walipotangulia, ni Baragumu aliyemlea, akambeba shuleni, akamsomesha kwa hilo koo lake, akitangaza sabuni sokoni, akitangaza harusi, akitangaza hata mbuzi aliyepotea. Yeye mwenyewe shule aliiacha mapema, wakaachana kwa amani. Dada yake akasoma mpaka akafika kule ambako Baragumu hawezi hata kutamka walikuwa wanafundisha nini. Watu walimwita Komeo. Akawa mlinzi wa kompyuta za hospitali kuu.

Chumba chake kilikuwa chini ya jengo, hakina dirisha, kina mashine zinazovuma kama nyuki na baridi ya kumfanya mtu avae sweta mchana wa jua. Ndani ya mashine zile mlikuwa na habari za wagonjwa wote, nani ana damu gani, nani dawa ipi inamdhuru, nani anakuja kliniki lini na kwa jambo gani ambalo hata mumewe hajui. Kazi ya Komeo ilikuwa kuhakikisha habari hizo haziguswi na asiyehusika. Siku nzima anapita wodini akibandua maneno ya siri ambayo wauguzi wameyaandika kwenye plasta na kuibandika juu ya kioo cha kompyuta. Anabadilisha, anarekebisha, anafunga mlango huu, anatenga chumba kile. Hakuna anayempigia makofi. Kazi ikienda vizuri, hakuna kinachotokea, na mtu utapigiaje makofi kitu ambacho hakikutokea?

Walikuwa wanakuja wauzaji, wamevaa tai, wameleta masanduku ya kulindia kompyuta, yenye taa za bluu. Huyu anasema sanduku lake lina akili ya jeshi zima. Yule anasema lake halijawahi kupenywa tangu dunia iumbwe, na sanduku lina miezi minne. Komeo anawaacha wamalize, anawapa maji ya kunywa, kisha anawauliza swali moja: "Siku likipenywa, nitajuaje?" Wengi hurudia habari za taa za bluu. Mmoja tu, mzee mwenye miwani, alifikiri, akasema hajui, atarudi. Komeo akasema huyo ndiye akirudi atamsikiliza.

Baragumu alipenda kusikia visa hivyo, lakini roho ilimuuma. Aliona fundi vigae anabebwa juu juu na watu elfu mbili kwa kumlaza mtu mmoja chini, na dada yake kila siku anawalaza maelfu, hakuna hata anayemjua jina. Akawaza, huyu na mimi ndiye ndugu yake, mwenye mdomo kuliko wote mjini.

Basi Jumamosi moja alasiri akamshawishi aje ukumbini. Komeo hakuwa mtu wa mambo hayo, akaja kwa ajili ya kaka, akakaa safu ya tatu na mkoba mapajani kama mtu aliyekuja kusubiri dawa. Mapambano mawili yakapita salama. La tatu, mama wa mapacha akamkaba mwenzake mpaka akagonga mkeka, ukumbi ukawaka, na katika ule moto Baragumu akashindwa kujizuia. Akaelekeza kidole safu ya tatu.

"Mnashangilia huyu? Basi mtazameni yule pale. Huyo ndiye anayelinda kompyuta za hospitali yenu. Wezi wa dunia nzima wamegonga, wamelia, wamerudi kwao. Ibilisi mwenyewe akija na funguo zote, hapiti. Mwenye ubavu ajaribu!"

Watu wakasimama, wakapiga makofi, simu zikainuliwa juu kama magugu baada ya mvua, kila moja inarekodi. Baragumu macho yakamlowa. Hatimaye mdogo wake anapigiwa makofi. Alipomtazama, akamwona Komeo amejifunika mtandio mpaka puani, na kisha kiti kikawa kitupu.

Alimkimbilia mpaka nje, akamkuta anatafuta usafiri. Alidhani ni aibu tu, wasomi wana aibu. Komeo hakupandisha sauti, hakuwahi kupandisha sauti maisha yake yote, labda kwa sababu nyumbani nafasi hiyo ilikuwa imejaa. Akamwambia, "Kaka, umewaambia waje." Akaondoka moja kwa moja kazini, na mkoba wake na viatu vyake vya kutokea.

Baragumu hakuelewa. Katika kazi yake, ukisema mwenye ubavu ajaribu, hakuna anayejaribu. Ni maneno ya kuchangamsha jukwaa. Hakujua kwamba kule kwa dada yake maneno hayo yakitamkwa kuna watu wanakunja mikono ya shati. Ndiyo maana Komeo na wenzake hawasemi kamwe kwamba hapaingiliki, hata pakiwa hapaingiliki. Baragumu aliyeishi naye miaka yote hakuliona hilo, aliona ni unyenyekevu tu.

Jumapili video ya tangazo lile ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikavuka mipaka. Jumatatu adhuhuri Baragumu alibeba chakula akampelekea dada yake kule chini, akamkuta macho mekundu. Akauliza hali. Komeo akamweleza kwamba siku ya kawaida wanaogonga milango yake ni kama elfu arobaini, na leo, hata chakula cha mchana hakijaliwa, wamefika laki tisa.

Baragumu akaweka bakuli chini taratibu. Laki tisa! Akaanza kuliona tangazo kichwani, mwanamke mmoja dhidi ya watu laki tisa. Komeo alimjua, akamkatiza kabla hajafungua mdomo. Akamwambia kwamba hao si wezi laki tisa, ni hodi laki tisa, nyingi zinapigwa na mashine, sawa na watoto wanaopita wakigonga mageti na kukimbia. Wauzaji wa masanduku ndio huhesabu kila hodi kuwa ni jambazi, ili hesabu ipendeze.

"Mwizi wangu mimi ni mmoja," akasema, "na huyo hagongi."

Akala chakula vijiko vitatu, akarudi kwenye kioo. Baragumu akakaa kwenye kiti cha plastiki akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya kazi. Vidole vinakwenda, vinasimama, anasoma, anaandika kitu kidogo kwenye daftari, anarudi. Hana haraka. Baragumu amewaona wapiganaji wengi, na akajua anachokiona, maana bondia mzuri kabisa humtambui kwa ngumi, unamtambua kwa jinsi anavyopumua kati ya ngumi na ngumi. Huyu mdogo wake alikuwa anapumua vile. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea.

Jumanne mchana yeye yuko ukumbini anasimamia kutundikwa kwa mabango, simu ikaita. Dada yake akamwambia aje. Hakusema zaidi.

Alipofika kule chini akamkuta dada wa mapokezi, yule binti anayeandikisha wagonjwa wa kliniki, shabiki mkubwa wa mapambano, anafuta machozi kwa kitambaa cha kufutia meza. Binti alipomwona akamnyooshea kidole. "Ni wewe. Ni wewe ulinipigia."

Ikabidi Komeo aeleze. Mtu alimpigia binti simu, kwa sauti ya Baragumu yenyewe, na mbwembwe zake, akamwita mrembo wa mapokezi kama Baragumu anavyowaita nusu ya watu mjini. Akasema dada yake amezidiwa na kazi, anaomba neno la siri la mapokezi haraka amsaidie. Binti akampa. Nani asiyeijua sauti ile? Siku hizi kuna mashine, unailisha sauti ya mtu dakika chache tu, nayo inakusemea lolote kwa sauti hiyo hiyo. Na sauti ya Baragumu ilikuwa imejaa kwenye kila simu, wewe chota tu.

Akakaa. Ulimi uliowaalika wezi ni wake, na sasa hata sauti iliyowafungulia mlango ni yake. Akauliza kwa kunong'ona, kitu ambacho watu hawakujua anakiweza, wamechukua nini.

Hapo ndipo ilipoonekana Komeo ni nani. Zamani sana aliigawa ile nyumba ya habari vyumba vyumba, ufunguo wa mapokezi ufungue mapokezi tu. Na katika kila chumba aliweka mgonjwa hewa, faili la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, lenye jina la kuvutia, ambalo hakuna daktari wala muuguzi ana sababu ya kulifungua. Likiguswa tu, simu ya Komeo inalia. Mwizi aliingia, akachota orodha ya miadi ya kliniki ya wiki ile, akaona faili lile nono, akaligusa. Dakika kumi na moja baadaye alikuwa nje na milango yote imebadilishwa vitasa. Hakufika kwenye magonjwa, hakufika kwenye damu wala dawa. Alitoka na majina, namba za simu na siku za kliniki za watu mia tatu na kumi na wawili.

Baragumu akasema huo ni ushindi. Komeo akasema hapana, hao ni watu mia tatu na kumi na wawili.

Saa kumi wakaitwa ofisini kwa daktari mkuu, mwanamke mtu mzima wa maneno machache. Mwenyekiti wa bodi alikuwepo, bwana mmoja wa suti, na tayari alikuwa na karatasi. Alichotaka ni hiki. Kesho asubuhi Baragumu asimame uwanja wa hospitali, kwa kuwa ndiye aliyeuwasha moto na watu wanamsikiliza, atangaze kwamba hospitali imevamiwa na jeshi la wezi wa kimataifa, shambulio ambalo halijawahi kuonekana, na kwamba shujaa wao Komeo amelirudisha nyuma. Basi. Binti wa mapokezi hatatajwa, sauti haitatajwa, orodha haitatajwa. Hakuna mwenye kosa. Mtu atajisikiaje aibu kushambuliwa na jeshi?

Na kusema kweli Baragumu mate yalimjaa. Lilikuwa tangazo la maisha yake, na dada yake angetoka humo anang'aa.

Komeo akasema kwa upole kwamba hakuna jeshi, kuna mtu mmoja mwenye simu. "Mkiwaambia ni jeshi, watu watasema hayo ni mambo ya wakubwa, watalala. Halafu kesho kutwa mama mmoja atapigiwa na mtu mpole, anamjua jina, anajua siku yake ya kliniki, atamwomba namba zake za siri. Atampa."

Mwenyekiti akamuuliza kama anaelewa kwamba ukweli ukisomwa, Ijumaa bodi itauliza nani alikuwa mlinzi, na huenda ikatafuta mwingine.

"Ni mimi," akasema Komeo. "Waulize."

Walipotoka, Komeo naye akampa kaka yake karatasi, ameiandika kwa mkono, mistari minane. Hakumbembeleza. Baragumu akaenda nyumbani na karatasi mbili, mfuko huu jeshi, mfuko huu mistari minane. Akajaribu kuisoma ile ya dada yake mbele ya kioo. Kila akifika mstari wa pili, mdomo ulitaka kuongeza kitu wenyewe.

Jumatano asubuhi uwanja ulijaa, watu wa kliniki kwenye mabenchi, wengine walikuja kwa ajili yake tu. Mwenyekiti amesimama mbele, tai imenyooka. Baragumu alimwona dada yake nyuma kabisa karibu na mlango wa maabara, na mkoba wake. Akawaza, nikisoma ya huyu bwana, dada yangu anabaki kazini. Nikisoma yake, huenda nimemtoa kwa mdomo huu huu. Kisha akamwona yule mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda shule, hamwombi kitu, anasubiri tu. Akakiweka kipaza sauti chini. Akatoa mistari minane.

"Jana saa saba na nusu mchana, mtu mmoja aliingia kwenye orodha ya miadi ya kliniki. Aliingia kwa kumdanganya mfanyakazi kwa sauti yangu mimi. Alichukua majina, namba za simu na siku za kliniki za watu mia tatu na kumi na wawili. Habari za magonjwa hazikuguswa. Mtu akikupigia akasema anatoka hospitali, akakuuliza namba ya siri yoyote, kata simu. Hata akiwa na sauti ya unayemjua. Hata akiwa mimi. Tumekosa, na tunawaomba radhi."

Hakuongeza hata nukta. Watu wakasubiri, wakidhani sasa ndiyo anaanza. Mtoto mmoja akapiga chafya. Kisha bibi mmoja wa benchi la mbele akauliza, je, akimkatia simu mtu kumbe ni daktari wa kweli, daktari hatakasirika? Daktari mkuu, ambaye siku mbili hizo hajasema kitu, akajibu kutoka barazani: "Mimi nikikatiwa simu, mama, nitakushukuru." Mwenyekiti akageuka akaenda kwenye gari lake.

Ikabaki kuwapigia wale watu mmoja mmoja, maana si wote walikuja uwanjani. Komeo akaigawa orodha, binti wa mapokezi nusu, kaka nusu. Ndugu yangu, hapo ndipo Baragumu alipoonja. Anapiga, anasema kwa adabu, mimi ni Baragumu napiga kutoka hospitali. Paa, simu imekatwa. Anapiga mwingine, paa. Mzee mmoja akamwambia, kama wewe ni Baragumu basi mimi ni ndege ya mizigo, akakata. Mwingine alimtukana mpaka ukoo. Mara ya kwanza alikasirika. Ya tano akaanza kucheka. Kila aliyemkatia alimwekea alama ya vema kwenye orodha, maana huyo ameshaelewa, huyo yuko salama. Kufikia Alhamisi jioni alikuwa amekatiwa mara mia moja na tisa, na akawa anajisifu kwa binti wa mapokezi kwamba yeye ndiye mtu aliyekatiwa simu nyingi kuliko binadamu yeyote, na kwa mara ya kwanza pengine hakuwa ametia chumvi.

Na yule mwizi naye alipiga. Alhamisi ile ile, watu kumi na saba walipigiwa na sauti ya upole ikitaja jina na siku ya kliniki. Wote kumi na saba walikata, na kumi na watatu kati yao wakapiga hospitali kushtaki.

Ijumaa bodi ikakaa asubuhi. Komeo hakupanda juu, alikuwa anampatia binti wa mapokezi kifaa kidogo cha kufungulia kompyuta badala ya neno la siri, kama ufunguo, ambacho hakiwezi kutajwa kwenye simu hata mtu akitaka. Baragumu alikuwa kwenye kiti cha plastiki, magoti hayatulii. Mpiganaji akisubiri uamuzi wa majaji hufanya hivyo hivyo.

Saa tano daktari mkuu akashuka mwenyewe. Akasema bodi imebishana sana, mwenyekiti alitaka mlinzi mwingine, mwenye cheti kikubwa na sanduku. Yeye akawasomea kitu kimoja tu, wale kumi na saba. Akasema, "Unabaki. Na mapokezi yote wapewe hicho kifaa."

Komeo akashukuru. Akauliza vitakuja lini, maana maabara pia wanavihitaji. Hayo tu ndiyo aliyosema, lakini mkono wake ulikuwa umeshika meza kwa nguvu, na kaka yake aliuona.

Baragumu mwenyewe alikuwa ameanza kufura mashavu. Akamtazama dada yake akamwomba ruhusa, mara moja tu, kidogo. Komeo akacheka, cheko lake la utotoni la puani. "Nje, kaka. Kule kwenye magari."

Akapanda ngazi mbili mbili, akavuka uwanja, akasimama katikati ya magari yaliyoegeshwa, akajaza kifua. Kelele aliyotoa iliwasha ving'ora vya magari matatu. Askari wa geti akaja mbio na rungu, akamkuta mtu mzima amesimama peke yake anafuta machozi. Akamuuliza kulikoni.

"Dada yangu kabaki kazini."

Askari akatazama magari yanavyolia. Akasema, sasa ndiyo kelele zote hizi?

"Hizi ni nusu," akasema Baragumu.